Mbona Kijakazi Anamtetea Bwana Wake?

Leo tunazungumzia usawiri wa wahusika, hasa wale wahusika duara, wenye tabia zaidi ya moja, wanaowatoa jasho wanafunzi kwenye mtihani.

Tuanze na wahusika bapa, wale wenye tabia moja tu. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliwaita watu wake Adili, Hasidi na Mwivu. Ukisikia jina, tabia umeshaijua. Kwa hekaya yenye mafunzo, hilo linafaa kabisa. Nawashangaa wanaolihesabu kuwa kosa. Taabu huja pale unapoandika habari za watu wa mtaani kwako, na bado tajiri ana kitambi na roho mbaya, maskini naye ni malaika.

Sasa, kwa mhusika duara, msome Shafi Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya mwaka 1978 kuhusu Zanzibar ya kabla na baada ya Mapinduzi. Kijakazi anamtumikia Fuad, bwana mkatili anayemdhalilisha. Mwandishi mwenye haraka angemfanya amchukie kimoyomoyo. Shafi kamwacha amtukuze! Msomaji anakasirika, anatamani kumtikisa mabega. Kisha anajiuliza: mtu ambaye maisha yake yote thamani yake imepimwa kwa kuridhika kwa bwana, atajipimia wapi kwingine? Hapo ndipo Kijakazi anapopata nyama na damu. Kosa lake lina mantiki, na mantiki hiyo ni yake mwenyewe.

Hebu tujaribu wenyewe. Konda wa daladala: mdomo mchafu, anakula chenji za abiria. Huyo tumeshamchoka. Tumpandishie bibi mmoja anayekwenda kliniki kila Jumatatu, na konda hamtozi nauli. Lakini usikimbilie kutuambia kwamba kumbe ana moyo mzuri; utakuwa umembandika kibandiko kingine tu. Tafuta sababu. Labda ana mama kijijini, kamwahidi hela ya dawa. Zile chenji anazokula ni za mama, ndivyo anavyojiambia kila asubuhi. Jioni, baada ya kupeleka hesabu kwa mwenye gari, zinaishia kijiweni.

Bibi anashuka, anamwambia, "Mungu akubariki, mwanangu."

Konda anabamiza mlango: "Bibi, sogea huko, unatuchelewesha!"

Daftari mnalo? Iandikeni safari hiyo kituo kwa kituo, na neno "majuto" lisionekane popote.