Maji ya Rejeta na Usalama wa Barabara Yetu ya Ziwa

Hotuba kwa madereva, matingo na mafundi wa magari wa Rumonge



Leo hatukuja na daftari la faini. Sisi wa kitengo cha mahusiano ya Polisi na raia tumeomba nafasi hii ili tuzungumze juu ya kile kinachotiwa katika rejeta ya lori baada ya kuisafisha. Wengi hudhani hilo ni jambo la fundi na mwenye gari tu. Sisi tunaliona kuwa ni la kila mtu apitaye barabarani, kwa kuwa ndio tunaoitwa lori linapozimika kilimani usiku.

Jioni moja tuliitwa pale ambapo barabara huacha ufuko wa Nyanza-Lac na kupanda kuelekea Mabanda na mpaka wa Mugina. Lori lililosheheni madumu ya mawese lilikuwa limesimama katikati ya kona, bila pembetatu za kuakisi, ila matawi ya mti yaliyotupwa njiani. Utingo, kijana mdogo, alikuwa amefungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado inatokota, na maji yakamrukia kifuani na mikononi. Dereva alitueleza kwa uchungu kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo waliisafisha rejeta kwa bidii, kisha wakaijaza maji ya ziwa, wakaongeza chupa mbili za kimiminika chekundu juu ya mabaki ya kile cha kijani. Aliamini kuwa amelitunza gari lake. Kijana alipona, lakini makovu hayakumtoka.

Ndugu zetu, ziwa letu linatulisha na kutuburudisha, lakini maji yake si ya injini. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kwa kugeuka mvuke, na kiasi kidogo tu hutoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo. Mvuke hauchukui madini. Hivyo chumvi, na hasa magnesi, hubaki ziwani. Mnaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko huohuo huganda katika vijia vyembamba vya rejeta na kuzunguka silinda, ukazuia joto lisitoke. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, kwa sababu madini hayachemki yakatoka. Yanayofaa ni maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, mradi iwe ni maji matupu yasiyotiwa asidi.

Wapo wanaotuuliza: «Hapa Rumonge hakuna barafu, antijeli ya nini?» Swali hilo ni la haki. Kimiminika hicho, ambacho wengine hukiita kulanti, kina kazi tatu, na kuzuia barafu ni moja tu. Kazi ya pili ni kuchelewesha kuchemka. Ufuko wetu uko yapata mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji matupu huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kadiri tunavyopanda kuelekea Bururi au Mabanda, huchemka mapema zaidi. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji huongeza takriban nyuzi 7 au 8, na kifuniko kizima cha rejeta, chenye mgandamizo uliowekwa na mtengenezaji, huongeza nyingine nyingi. Kazi ya tatu ni kuzuia kutu, pamoja na vile vitundu vidogo vinavyotoboa kuta za silinda za injini kubwa za dizeli kwa sababu ya mtikisiko.

Je, tuchague ipi? Neno letu la kwanza ni hili: msichague kwa rangi. Rangi hutiwa na kiwanda, na kila kiwanda kina desturi yake. Nyekundu ya huyu si nyekundu ya yule. Chagueni kwa kanuni iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kisha mwitafute kanuni hiyohiyo kwenye lebo ya dumu. Malori mengi ya zamani, yenye rejeta za shaba, yalitengenezewa kulanti ya aina ya kale, inayobadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Mengi ya siku hizi, yenye rejeta za alumini, hutumia aina ya asidi za kikaboni, inayoweza kudumu miaka 5 au zaidi. Mkizichanganya, kinga ya kila moja hupungua, na pengine hugeuka utelezi mzito kama uji unaoziba njia za maji. Na dumu lisilo na lebo wala muhuri, liacheni. Huenda ni maji yaliyotiwa rangi.

Neno la pili ni la wakati wa kusafisha. Injini ipoe kabisa kwanza. Mwageni yote, zungusheni maji safi mpaka yatoke meupe, lakini kumbukeni kwamba lita kadhaa za maji hubaki ndani ya injini. Mkijaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa, maji hayo yataipunguza nguvu. Kwa hiyo tumieni ile isiyochanganywa. Ikiwa mfumo mzima unachukua lita 40, tieni kwanza lita 20 za kulanti tupu, kisha mjazie maji yaliyotoneshwa. Na msiijaze kulanti tupu mkidhani mnazidisha kinga, kwa sababu peke yake huchukua joto vibaya kuliko ikichanganywa na maji.

Neno la tatu linawahusu hata wasio na gari. Kulanti nyingi zina sumu yenye ladha tamu. Mtoto anaweza kuinywa akidhani ni sharubati, naye mbuzi au mbwa akairamba. Kiasi kisichojaa kikombe chaweza kumwua mtu mzima. Mwanzo huonekana kama mlevi, kisha figo hufa. Aliyeinywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema hajambo, na dumu lipelekwe pamoja naye. Madumu yake yatobolewe, yasirudi sokoni kubeba mawese wala maji ya kunywa. Na ile iliyomwagwa isielekezwe kwenye mtaro unaoshuka ziwani, tunakochota maji na kuvua samaki. Ihifadhiwe gereji katika chombo kilichofungwa na kuandikwa.

Tunajua kwamba bei ya kulanti ni mzigo, na kwamba njiani mtu hutumia alichonacho. Basi lori likichemka, litoeni barabarani kadiri iwezekanavyo, wekeni pembetatu mbele na nyuma, subirini lipoe, ndipo mfungue kifuniko polepole kwa kitambaa kinene. Kama hamna kingine, maji safi ya mvua yatawafikisha gereji, nako mrekebishe mchanganyiko bila kuchelewa.

Wenye malori, tunawaomba msimpe dereva safari ya mlimani huku mkimnyima dumu la kulanti. Matingo, vijana wetu, mkiamriwa kufungua kifuniko cha moto, kataeni. Nanyi mnaoishi kando ya barabara, mkiliona lori limekwama konani, tuarifuni mapema, nasi tutakuja kuwasha taa na kuongoza magari kabla hatujaitwa kubeba majeruhi.