Mshahara wa Mombasa, Masaa ya Tanga

(Maneno haya niliyasema Wembley, kwenye kikao cha Watanzania na Wakenya. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza vichekesho tu.)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie mishahara na masaa ya kazi Kenya na Tanzania. Najua mada imetoka wapi. Kikao kilichopita, wakati wa chai, ndugu zetu wa Nairobi walitutambia kwamba kwao mtu analipwa, na sisi tukajibu kwamba kwetu mtu anapumzika. Ubishi huu ni wa zamani. Wazee waliopo hapa wanakumbuka tulivyoitana manyang'au miaka ya 1970, hadi mpaka ukafungwa Februari 1977 na usifunguliwe mpaka 1983. Leo sigawi kombe. Nataka tupige hesabu, na nimechagua mfanyakazi mmoja tu ambaye kila mmoja humu anamjua: dada wa kazi za nyumbani.

Kwa masaa, Tanzania inashinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, yasizidi 9 kwa siku. Kenya, amri ya jumla ya mishahara inaruhusu masaa 52 katika siku sita. Likizo msiidanganyie hesabu. Zile siku 28 za Tanzania zinahesabu na Jumapili ndani yake, za Kenya 21 ni siku za kazi tupu, kwa hiyo pengo ni dogo kuliko linavyotangazwa.

Kwa mshahara, Kenya inashinda kwa mbali. Tangu Novemba 2024 kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Tanzania, amri iliyoanza Januari 2023 ilisema 120,000 kwa anayekwenda kulala kwao, na 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri. Madafu hayo, jamani. Tufanye shilingi ya Kenya ni 20 zetu: ya Mombasa inakuwa zaidi ya 320,000. Oktoba 2025 serikali yetu ilitangaza amri mpya ya kuanza Januari 2026, ongezeko la wastani wa asilimia 33.4. Sawa. Ongeza theluthi nzima juu ya 60,000, unapata 80,000.

Sasa gawa kwa masaa. Mombasa ni kama shilingi 1,430 zetu kwa saa. Tanga, kwa ile 60,000 na masaa 45, ni shilingi 308. Kwa hiyo yale masaa saba tunayojisifia kila wiki, dada wa Tanga ameyalipia mwenyewe, tena mara nyingi.

Ndugu wa Kenya wasipige makofi bado. Mkenya mkweli humu ndani anajua ni nyumba ngapi mtaani kwao zinatoa hiyo 16,113. Nitawapa kisa cha kwetu. Dada aliyekuwa akimsaidia mama yangu Tanga aliondoka. Alipitia Horohoro, akaingia Lunga Lunga, akafika Mombasa, kwa ahadi ya shilingi 8,000 za Kenya. Hiyo ni nusu ya kima chao cha chini. Lakini kwetu ni 160,000, zaidi ya mara mbili ya alichokuwa akipata. Mwajiri wa Mombasa amevunja sheria ya Kenya na bado binti anamshukuru, kwa sababu sheria ya Tanzania imemfundisha kushukuru kidogo. Na akinyimwa hata hiyo 8,000 atakwenda ofisi gani ya kazi, na kibali hana? Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 ina maneno mazuri kuhusu wafanyakazi kuvuka mipaka. Binti wa jikoni hakufikiriwa.

Hapo ndipo ubishi wetu wa chai unaponikera. Sisi tunaichukua tofauti ya nchi mbili kama ya Simba na Gor Mahia. Kuna watu wanaila tofauti hiyo kila mwisho wa mwezi.

Na watu hao ni nani? Nilipoanza kuandika maneno haya nilikuwa na jibu la wanasiasa na wafanyabiashara. Kisha nikampigia mama simu nikamuuliza dada huyu wa sasa anaamka saa ngapi. Mimi ndiye ninayemlipa, kutoka hapa hapa Wembley. Nilikuwa natuma elfu sabini, na nikijiona muungwana kwa sababu nimezidisha elfu kumi juu ya sheria. Mama akasema anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala saa nne usiku, siku zote saba. Nikatoa masaa matano ya kula na kupumzika. Yakabaki 12 kwa siku, 84 kwa wiki, 364 kwa mwezi. Shilingi 192 kwa saa, kama peni sita za hapa.

Mimi nabeba boksi, sioni aibu kusema. Aprili 2025 kima cha chini hapa kilipanda kuwa pauni 12.21 kwa saa. Maana yake mshahara wake wa mwezi mzima haufiki masaa mawili yangu. Na kazini nilipoletewa karatasi nikubali kuzidisha masaa 48 kwa wiki, niliirudisha bila sahihi, nikaja kujigamba kwenye kikao hiki. Mlinipigia makofi.

Tupo karibu na Willesden. Pale Agosti 1976 wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick waligoma, wengi wao kina mama wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki. Aliyewaongoza, Jayaben Desai, alikuwa ameishi Tanzania. Moto uliwashwa na kulazimishwa kazi ya ziada. Waligoma karibu miaka miwili, hadi Julai 1978, wakashindwa. Ni watu wa kwetu wale, na walisimama kwenye baridi kwa ajili ya masaa ambayo mimi sikuyauliza Tanga.

Nimepandisha hadi 150,000. Jumapili ni yake. Jioni mpwa wangu anakaa na bibi yake, naye nampa chake. Bado sijafika masaa 45, nasema kweli. Mama amenuna. Anasema nimeharibu soko na majirani wanamsema. Labda ni kweli.

Ombi langu ni mawili. La kwanza ni kwa vyama. CHODAWU kwetu na KUDHEIHA Kenya wote wanaandikisha wafanyakazi wa majumbani. Tuwaandikie barua moja, iliyotiwa sahihi na pande zote mbili, kwamba kadi ya chama cha Tanga itambulike Mombasa, na binti aliyevuka Horohoro apate wa kumsemea hata kama kibali hana.

La pili ni letu. Nimeleta karatasi ya mkataba wa kazi za nyumbani, kwa Kiswahili, ina nafasi ya mshahara, masaa na siku ya mapumziko. Nakala thelathini, ziko pale karibu na birika. Anayelipa dada nyumbani achukue moja, apige simu leo, aulize anaamka saa ngapi.

Nawasilisha.