Kocha ni Mama, Wachezaji ni Vijana wa Kiume

Msikilizaji, vyuoni Marekani wanaume wamejaa kufundisha timu za wanawake, wala hakuna anayeshangaa. Lakini mwaka 1990 kocha Rick Pitino alipomwajiri mwanamke, Bernadette Locke, awe kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Kentucky, ikawa habari kubwa.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Ni suala la ajira. Baada ya sheria ya mwaka 1972 kuinua michezo ya wanawake vyuoni, mishahara ilipanda na wanaume wakazifuata kazi hizo. Mlango wa upande wa pili, wa wanawake kufundisha wanaume, ukabaki nusu wazi.

Wapo wanaosema kocha sharti awe amecheza ligi ya wanaume. Sawa, uzoefu una thamani. Lakini je, mbona mwanamume anayefundisha wanawake haulizwi kama aliwahi kucheza ligi yao?