Nani Aionaye Karata Yako?



Miongoni mwa malalamiko yasikikayo kwa watu wanaocheza poka kwa njia ya intaneti, hakuna lililo kongwe na lenye hamaki kama lile lisemalo kwamba karata hazichanganywi kwa haki. Kwamba ndani ya kompyuta ya mwenye mchezo imefichwa hila inayompa mmoja ree mbili, ikampa mwenziwe wafalme wawili, ili wote wamwage fedha zao mezani, kisha ikamtoa mfalme wa tatu katika karata ya mwisho na kumwacha mwenye ree ameshika tama. Nataka kulichukua lalamiko hili kwa uzito unaolistahili, kwa sababu fedha ya mtu ni jasho lake, na aliyedhulumiwa ana haki ya kujua amedhulumiwa wapi. Sisemi kwa kuihimiza kamari, ambayo dini za wengi wetu zimekwisha kuikatia hukumu. Nasema kwa kuwa simu imekwisha kuiingiza katika vyumba vya vijana wetu, na kulinyamazia jambo hakujapata kumlinda mtu.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Katika poka ichezwayo zaidi, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili azionazo peke yake, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Karata 52 zaweza kupangika kwa namna nyingi mno, hata idadi ya namna hizo huandikwa kwa tarakimu 68. Mkono wa binadamu huchanganya kwa kukosea kosea, na katika kukosea huko ndimo nasibu inamozaliwa. Lakini kompyuta haifanyi ila ililoamriwa, na ikitakiwa kutoa nambari za nasibu huanza na nambari moja, ambayo mafundi huiita mbegu, ikazitoa nyingine zote kutokana na hiyo kwa kanuni isiyobadilika. Aijuaye mbegu huzijua karata zote kabla hazijagawiwa.

Hatari hiyo ilidhihirika mwaka 1999. Kampuni iitwayo ASF Software, ambayo programu yake ya poka ilitumiwa na nyumba kadhaa za mchezo, iliitangaza hadharani kanuni yake ya kuchanganya karata, kusudi wateja waone kwamba hapana ghiliba. Nia ilikuwa njema, nami naisifu mpaka leo. Walakini wataalamu wa kampuni ya Reliable Software Technologies ya Marekani walipoisoma kanuni hiyo kwa utulivu waliona kasoro juu ya kasoro. Amri iliyopaswa kuchagua nambari kuanzia 1 mpaka 52 iliandikwa vibaya, ikawa yaishia 51. Mbegu yake haikuweza kuwa na sura zaidi ya bilioni 4 na kidogo, idadi ambayo mbele ya ile ya tarakimu 68 si kitu. Tena, na hili ndilo kubwa, mbegu ilichukuliwa katika saa ya kompyuta, kwa kuhesabu elfu za sekunde zilizopita tangu usiku wa manane, nazo kwa siku nzima ni 86,400,000 tu. Wataalamu wale wakailinganisha saa yao na saa ya seva, na mbegu za kushukiwa zikapungua hata zikabaki kama 200,000. Kisha wakazisoma karata zao mbili, wakangoja zile tatu za kwanza zifunuliwe, na kwa karata hizo tano programu yao ikautafuta mpango mmoja uliokubaliana nazo zote. Tangu dakika hiyo walijua kila mchezaji ameshika nini, na karata mbili zitakazofuata ni zipi, na nani atakayeshinda, ilhali walioketi nao wangali wakipima waongeze dau au waweke karata chini. Hawakumwibia mtu, walitoa habari, na kanuni ikabadilishwa.

Naomba tuzingatie kwamba kasoro ile, pamoja na ukubwa wake, ilikuwa ya uzembe wala haikuwa ya dhamira mbaya, na kwamba ilifichuka kwa sababu moja tu: kanuni ilikuwa wazi, mwenye macho akaweza kuisoma. Lau ingefungiwa sandukuni, angeigundua mwizi kabla ya mwema.

Siku hizi nyumba kubwa hazitegemei saa. Mbegu huchukuliwa katika mambo ya maumbile yasiyotabirika, kama vile mtukutiko wa umeme utokanao na joto, au chembe ya nuru inayotupwa kwenye kioo ambacho hupitisha nusu na kurudisha nusu, hata hapana ajuaye ile moja itashika njia ipi. Na njia sahihi ya kuchanganya imejulikana tangu Ronald Fisher na Frank Yates walipoiandika mwaka 1938. Kwa hiyo nikiulizwa kama kompyuta yaweza kuchanganya karata kwa insafu kuliko mkono wa mtu, nitajibu naam, bila ya kusita.

Mbona basi watu huapa kwamba wameonewa? Sehemu kubwa ya jibu imo katika hesabu. Ree mbili zikipambana na wafalme wawili hushindwa takriban mara 18 katika kila mara 100, na huko si kuonewa, ndio mchezo wenyewe. Mgawaji wa mkono hugawa kama mara 30 kwa saa. Katika intaneti meza moja hupita 60, na anayecheza meza nne kwa pamoja huona kwa jioni moja misiba ambayo mchezaji wa karata za mkono huiona kwa wiki nzima. Moyo nao haukumbuki migao iliyokwenda salama. Hukumbuka ule ulioumiza. Anayetaka kujua kweli, na aache kuapa, ahesabu. Jozi ya ree humjia mchezaji kwa wastani mara 1 katika migao 221, basi katika migao 10,000 atarajie kama 45. Akipata 38 au 52, asilie wala asijisifu, maana kupanda na kushuka kwa kadiri hiyo ni desturi ya nasibu. Akipata 15, hapo ana neno la kumwuliza mwenye nyumba.

Wako wasemao kwamba mwenye nyumba hana haja ya kuiba, kwa kuwa hukata fungu lake katika fedha za mezani awaye yote ashindaye. Hoja hii ni ya kweli nusu. Nyumba haina haja, lakini ndani ya nyumba wamo watu, na haja za watu ni nyingine. Hapa ndipo penye uchungu wangu, kwa maana wizi mkubwa uliothibitishwa katika poka ya intaneti haukugusa uchanganyaji wa karata hata kidogo.

Mwezi wa Septemba 2007, katika mashindano ya nyumba iitwayo Absolute Poker, mchezaji aliyejiita POTRIPPER alishinda kwa namna iliyowashangaza wote. Katika mgao wa mwisho mwenziwe aliweka kila alichokuwa nacho, naye akaitikia hali hana hata jozi, karata yake kubwa ikiwa kumi. Na yule mwenziwe kubwa yake ilikuwa tisa. Hapana mtu mwenye akili timamu anayeitikia dau kama lile kwa karata kama ile, isipokuwa anayeiona ya mwenziwe. Aliyeshindwa akaomba kumbukumbu za migao yake, na kwa kosa la ofisi akaletewa faili kubwa lenye karata za wachezaji wote, pamoja na anwani za kompyuta zao na za watazamaji. Wachezaji wenyewe, si serikali wala si mkaguzi, wakaketi wakalichambua mstari kwa mstari, wakamkuta mtazamaji mmoja asiyecheza, aliyemfuata POTRIPPER meza kwa meza. Na tangu alipofika yeye, uchezaji wa POTRIPPER ukawa hauna kosa. Mtazamaji yule alitumia akaunti iliyoziona karata za kila mtu. Nyumba ilikana kwanza, kisha ikakiri, na Tume ya Michezo ya Kahnawake, katika ardhi ya Wamohawk huko Kanada, ikaitoza faini ya dola 500,000.

Haukupita hata mwaka, yakafichuka ya nyumba ndugu yake, UltimateBet, nayo yalikuwa makubwa zaidi, kwa kuwa jicho la namna ile ile lilikuwa limefanya kazi kwa zaidi ya miaka mitatu. Mwezi wa Septemba 2008 Tume hiyo hiyo ilitamka kwamba imeona ushahidi ulio wazi kuwa mhusika na mfaidi wa hadaa ile alikuwa Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa mwaka 1994, aliyehusiana na wamiliki wa awali wa UltimateBet. Fedha zilizorudishwa kwa wachezaji zilikaribia dola milioni 22. Fikirini, wasikilizaji: kwa miaka yote hiyo karata zilichanganywa kwa haki, na mkaguzi yeyote ambaye angepima nasibu yake angeipa hati safi, huku watu wakinyonywa kila usiku.

Mwaka 2011 tulijifunza pia kwamba hata karata na macho vikisalimika, hazina yaweza kuwa tupu: wachezaji wa Full Tilt Poker walikuwa wakiidai nyumba hiyo kama dola milioni 390, na benki ilikuwa na kama milioni 60 tu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba swali la kama karata ni za nasibu limeulizwa sana kupita kiasi, na swali la nani azionaye limeulizwa kidogo mno. Tanzania tunayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, na leseni ni kitu cha kuuliza kabla ya vingine vyote. Lakini na Kahnawake nako kulikuwa na leseni, na walioukamata wizi ni wachezaji waliokuwa na faili mkononi. Nawaomba wenye mamlaka wawalazimishe wenye michezo kumpa kila mchezaji kumbukumbu kamili za migao yake, kuitenga fedha ya wateja na fedha ya nyumba, na kueleza kwa maandishi ni watumishi gani wawezao kuziona karata mchezo ungali ukiendelea. Nawe unayecheza, ukimwomba mwenye mchezo kumbukumbu zako akakunyima, toa fedha zako siku hiyo hiyo, wala usirudi.