"Mwalimu, nibebe nini?"

Idara ya vijana na michezo ya Kaunti ya Mombasa ilimwalika mwalimu wa karate kutoka Kisauni azungumze na wakazi kuhusu kujihami, silaha na sheria. Yafuatayo ni mazungumzo yake, yakiwa yamefupishwa kidogo.

  Nimefundisha karate miaka 22, mingi yake kwenye sakafu ya saruji kwa sababu mikeka ni ghali. Katika miaka hiyo yote, swali ninaloulizwa zaidi halihusu teke wala ngumi. Ni hili: "Mwalimu, nibebe nini?"

Huniuliza dada anayefanya kazi hotelini, anayeshuka matatu Bamburi saa tano usiku na bado ana vichochoro vitatu mbele yake. Huniuliza kijana wa bodaboda anayepigiwa simu na abiria asiyemjua. Na sisi wa Kisauni hatuna haja ya kuelezwa kwa nini watu wanauliza. Tumeona vijana wenye mapanga wakiingia mtaani, wakikata watu na kupora simu. Kuna majirani zetu ambao makovu yao bado yanaonekana. Kwa hivyo simcheki yeyote anayeniuliza.

Lakini jibu langu huwaudhi watu, na leo huenda likawaudhi nyinyi pia: usibebe silaha.

Nitaanza na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 308, inasema mtu akikutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa, kifungo chake hakipungui miaka 7 na hakizidi 15. Neno la kushika hapo ni "mazingira". Kisu cha muuza samaki kikiwa mezani pake pale Kongowea ni kifaa cha kazi. Kisu hicho hicho kikiwa kiunoni mwa kijana, saa sita usiku, mtaa ambao jana tu watu walikatwa, ni habari nyingine. Huenda alikusudia kujilinda tu. Lakini polisi aliyemkamata haoni moyo wake, anaona kisu.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza hata watu waliosoma. Ile dawa ya pilipili ya kupuliza machoni, na kile kifaa cha kumpiga mtu shoti ya umeme, mnaona vikitangazwa kwenye simu na hata kuuzwa madukani. Sasa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inapoeleza maana ya silaha ya moto, haiishii kwenye bunduki na bastola. Inataja pia silaha iliyotengenezwa kutoa kimiminika au gesi yenye madhara, na silaha inayotoa umeme wa kumlemaza mtu kwa muda. Kwa hivyo dada yangu, kabla hujatia kichupa kile kwenye mkoba, usidhani kwamba kwa kuwa kinauzwa basi ni halali kubeba. Kamuulize wakili. Bodi inayotoa leseni za silaha ipo. Muuzaji hatakuwa nawe siku ya kupekuliwa.

Na hapa naomba nieleze jambo ambalo sipendi kulieleza. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa miaka 19, mwepesi, mwenye bidii, anayefanya kazi gereji. Akaporwa simu akitoka mazoezini. Wiki chache kabla, nilikuwa nimewafundisha vijana namna ya kumnyang'anya mtu kisu. Niliwafundisha kwa kisu cha mbao, mshambuliaji anakuja polepole, anachoma mara moja kisha anasubiri. Kijana yule akaamini sasa anajua visu. Akanunua kimoja. Haukupita mwezi, msako wa usiku ukamkuta nacho. Alikaa rumande miezi minne kwa sababu nyumbani hawakuwa na pesa za dhamana. Mama yake aliuza cherehani yake kulipa wakili. Mwishowe kesi iliondolewa, lakini kazi ya gereji ilikuwa imekwenda, na mazoezini hakurudi tena. Nilimtembelea mara mbili. Mama yake hakuniambia neno baya, na hilo ndilo lililonikaa rohoni.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kufundisha somo la kisu. Mtaona baadaye: nimekuja na fulana nyeupe na kalamu nene nyekundu. Mmoja avae fulana, mwingine ashike kalamu badala ya kisu, na simwambii aje polepole. Namwambia: mguse utakavyo, haraka utakavyo. Baada ya sekunde kumi tunahesabu alama. Hata mwenye mkanda mweusi hutoka na mistari shingoni, mbavuni na kwenye mikono yote miwili. Mimi mwenyewe, mara ya mwisho, nilitoka na alama sita, na aliyeshika kalamu alikuwa msichana wa kidato cha pili. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kufika kwa aliye umbali wa mita 6.4 hivi kwa sekunde moja na nusu. Pimeni wenyewe ukumbini humu, ni kama kutoka hapa niliposimama hadi safu ya nne. Ndani ya sekunde moja na nusu, utakuwa umeshafungua zipu ya mkoba?

Na ukiwahi kukitoa, umefanya nini? Mwizi alitaka simu. Sasa ameona kisu, na yeye ana panga, tena wako watatu. Simu ni pesa. Mpe.

Rafiki yangu anayefundisha silaha za jadi za Okinawa hakubaliani nami katika yote. Yeye hufundisha fimbo ndefu, nunchaku, sai na tonfa, hii ya mwisho ikiwa ndiyo asili ya lile rungu la polisi lenye mpini wa ubavuni. Husema kwamba mtu aliyezoea fimbo hujiamini, hutembea wima, na mwizi humtambua akamwacha. Nami namwambia kuhusu kutembea wima ni kweli, ila mtu anaweza kutembea wima mikono mitupu. Tumebishana hivi miaka. Tunakubaliana juu ya mzee na bakora yake: bakora humsaidia kutembea, hakuna anayemuuliza, na mbwa akija inafaa. Ila rungu na sime, hata kama kwenu ni vazi la heshima, usiende navyo kwenye mkutano wa hadhara wala maandamano. Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, inakataza kuwa na silaha huko, na msimu wa siasa vijana hukodishwa kwa mia mbili kufanya hivyo hivyo.

Huyo rafiki yangu siku moja alisimamishwa feri ya Likoni, nunchaku zimeonekana kwenye upekuzi. Nyinyi mnaovuka kila siku mnaijua ile foleni, na mnajua watu wakichelewa kazini wanavyokuwa. Alipitishwa kwa sababu zilikuwa ndani ya begi, zimefungwa pamoja na nguo za mazoezi na mkanda, na alikuwa na barua ya klabu. Barua si kibali, inasaidia kueleza tu. Kwa wanafunzi: vifaa vya mazoezi vifungwe ndani ya begi, vitoke nyumbani kwenda mazoezini na kurudi, visipitie vibandani kuonyesha marafiki.

Sasa, je, ukishambuliwa hakuna haki ya kujitetea? Ipo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ile ile ya Adhabu kinatambua kutumia nguvu kujitetea wewe au mali yako, na kinaelekeza mahakama kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza. Wakili aliyewahi kuja kutufundisha alilieleza hivi: nguvu iwe ya lazima, na iendane na hatari iliyokuwepo wakati ule. Mtu amekushika shingo, umempiga akakuachia, umekimbia: umejitetea. Amekuachia, ameanguka, nawe umerudi kumpiga teke la kichwa: hapo umeanza kosa lako mwenyewe. Na wale wanaokuja mbio na mawe na tairi wakisikia "mwizi!", nao wanatenda kosa, hata kama kweli aliiba. Nasema haya mbele ya vijana wa bodaboda kwa makusudi, kwa sababu ninyi ndio mnaofika kwanza. Mzuieni, piga 999 au 112, mkae naye mpaka wafike. Najua polisi huchelewa. Kaeni naye hata hivyo.

Basi kama si silaha, ni nini? Sauti, ndugu zangu. Msicheke. Nairobi, kule Korogocho, wako nyanya waliojifunza kujihami kwa sababu walikuwa wakivamiwa na kubakwa. Ukiwatazama wakifanya mazoezi, kitu cha kwanza unachosikia ni kelele: "La!" Na mwaka 2013 ulichapishwa utafiti juu ya wasichana wa sekondari wa mitaa duni ya Nairobi waliofundishwa kujihami kwa wiki sita, saa mbili kila wiki. Kabla ya mafunzo, karibu msichana mmoja kati ya wanne alisema ameshambuliwa kingono katika mwaka uliotangulia. Baada ya miezi kumi hivi walikuwa pungufu ya mmoja kati ya kumi. Hawakupewa visu. Walifundishwa kukataa kwa sauti, kujadiliana, kukimbia, na kupiga pale panapouma ikibidi.

Tena kumbukeni, mara nyingi anayemshambulia msichana si mgeni wa kichochoroni. Ni mpenzi, ni jirani, ni mjomba aliyekaribishwa chai. Silaha ya mkobani itamsaidiaje binti aliyekaa sebuleni kwao? Kinachomsaidia ni kujua kwamba anaruhusiwa kupiga kelele hata kwa mtu mzima, na kwamba akisema, mama ataamini. Likitokea la kutokea, nambari 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Nenda hospitali mapema kabla ya kuoga, maana dawa ya kuzuia Ukimwi inatakiwa ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Hospitali kuu ya Coast General ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa.

Nimalizie na jambo la watu kuacha mazoezi, maana mwenyekiti wa vijana aliniomba niligusie. Kila tukio baya likitokea mtaani, wiki inayofuata napata wanafunzi wapya kumi na watano. Baada ya miezi mitatu wamebaki wawili. Zamani nilidhani ni wavivu. Sasa naona hofu ilimleta mtu, hofu ikaisha, naye akaondoka. Mimi mwenyewe nilianza kwa kisasi. Shuleni kulikuwa na jamaa aliyenipiga mbele ya wenzangu, nikaapa nitajifunza karate nimrudie. Nilipofika mkanda wa kahawia nikakutana naye barabarani, nikagundua sina tena habari naye. Siku hizi ndiye fundi wangu wa pikipiki, na hunitoza bei sawa na kila mtu.

Wanaobaki, nimewachunguza, si wale wenye nguvu. Ni wale wenye mtu anayewasubiri. Kuna akina mama wanne wanaokuja pamoja kila Jumamosi, wakipitiana nyumba kwa nyumba. Mmoja akisema leo mgongo unauma, wenzake wanamwambia njoo ukae utazame. Akifika hakai. Na usiku, mmoja wao akitoka kazini, hao hao ndio anaowapigia simu akiwa kwenye matatu: "Nimefika Kiembeni, nakuja." Wawili hutoka na tochi kumpokea. Wamejipangia wenyewe, mimi sikuwafundisha hilo.

Kwa hivyo anayetaka kuanza, asije peke yake. Aje na jirani. Viatu si lazima, sare si lazima, miaka si kitu. Mkubwa wangu kwa sasa ana miaka 61 na goti moja bovu.

Maswali nitayajibu baadaye. Kwa sasa naomba vijana mnisaidie kusogeza viti ukutani. Nahitaji mtu mmoja wa kuvaa fulana hii nyeupe. Wewe bwana wa koti la bodaboda uliyekuwa ukitikisa kichwa nilipozungumzia kisu, njoo. Na kalamu tumpe yule binti wa mstari wa mbele.