Gavana Aliyeacha Uwaziri



Nimeombwa nizungumzie utaalamu na siasa. Nitafanya hivyo kwa kutazama maisha ya mtu mmoja: Ndugu Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro.

Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwaka 1966, yeye ndiye aliyekabidhiwa ugavana, akiwa hajatimiza miaka 34. Kabla ya kutimia miezi minane, Azimio la Arusha likatangazwa na mabenki ya kigeni yakawa mali ya umma. Mwaka 1974 akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 1977 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Fedha.

Hapo ndipo mtaalamu alipoonja uzito wa siasa. Vita dhidi ya Idi Amin vilikula akiba yetu ya fedha za kigeni, na bei ya mafuta ikapanda. Shirika la Fedha la Kimataifa likataka, kabla ya kukopesha, shilingi ipunguzwe thamani. Ndugu Mtei aliona hakuna njia nyingine. Mwalimu aliona kwamba mzigo ungemwangukia mnyonge, na kwamba taifa huru halipangiwi sera na mkopeshaji. Mwaka 1979 Waziri akajiuzulu.

Mwaka 1992 alianzisha CHADEMA, na sisi wa CCM tulipingana naye kwa mengi. Lakini haki ni haki. Mwaka 1986 Serikali yetu wenyewe ilikubaliana na Shirika hilo, na shilingi ikashushwa. Bidhaa zilirudi madukani, lakini mshahara wa mwalimu ulipungua nguvu. Mtaalamu alikuwa ameona gharama ya kuchelewa. Mwalimu alikuwa ameona ni nani angelipa gharama ya kukubali. Nchi ilihitaji macho yote mawili.

Funzo kwetu ni hili. Ndugu Mtei hakuitikia "ndiyo" kikaoni kisha akanung'unika barazani, wala hakukalia kiti huku akikwamisha uamuzi asioukubali. Alisema alichokiamini, aliposhindwa akakabidhi ofisi. Ni wangapi kati yetu huandika katika jalada lile tu ambalo mkubwa anapenda kulisoma? Kiongozi anayepewa takwimu za kumpendeza huongoza akiwa amefumba macho, na wananchi ndio wanaotumbukia shimoni.

Uamuzi ni wa wale waliopewa dhamana na wananchi. Ukweli wa kuamulia ni dhamana yetu sisi.