Kuhani Naye Alimwona



Tusomapo sura ya kumi ya Injili ya Luka, tumezoea kumhukumu kuhani na Mlawi kana kwamba walipita njia ile ya Yeriko wamefumba macho. Sivyo anavyosimulia Bwana wetu. Kuhani alimwona yule majeruhi. Mlawi naye alimwona. Msamaria hakuwazidi kwa kuona. Aliwazidi kwa kusimama.

Tumelikumbuka neno hilo kwa sababu ya vyombo vinavyoingia siku hizi katika nyumba zetu za Mji Mkongwe na hata mashamba: saa za mkononi zinazopima mwili wa aliyezivaa. Watoto walioko Maskati, Dubai au London huwapelekea wazee wao. Kwa nuru ya kijani inayomulika ngozi, saa huhesabu mapigo ya moyo. Kwa kifaa kidogo kinachohisi mwendo, huhesabu hatua. Tangu mwaka 2018 zipo hata zinazoweza kutambua kwamba mvaaji ameanguka, zikapiga simu kuomba msaada. Kwa mzee apandaye kila siku ngazi kali za nyumba ya ghorofa kule Shangani au Malindi, hiyo si anasa. Nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawarudii mwendo wao wa awali.

Basi tusiwe wepesi kuvidharau. Saa ikionya kwamba mapigo hayaendi kwa mpangilio, mzee apelekwe Mnazi Mmoja au kituo cha afya kilicho karibu, maana hali hiyo yaweza kuleta kiharusi. Wala tusiviamini kupita kiasi. Presha bado hupimwa vema kwa mkanda unaofungwa mkono wa juu, mzee akiwa ameketi na kupumzika. Na zile saa na pete zinazodaiwa kupima sukari pasipo kutoa tone la damu, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake Februari 2024: haikuwa imeidhinisha hata moja. Anayejipima hivyo, kisha akajichoma insulini, anacheza na roho yake. Wapo pia wanaoacha vidonge vya presha siku wanapoona tarakimu nzuri, wasijue kwamba ni vidonge hivyo vilivyoileta.

Tuchukue mfano wa bibi mjane aishiye peke yake ghorofani. Mwanawe aliye ng'ambo anaona katika simu yake kwamba leo mama ametembea hatua mia mbili tu. Jana mia tatu. Juzi elfu mbili. Habari anayo. Nani atapanda ngazi kumwuliza mama amepatwa na nini? Huenda goti limevimba. Huenda hana hamu tena ya kutoka, kwa kuwa wale aliokuwa akiketi nao barazani wamekwisha kufariki. Saa haina habari ya hayo. Na chaji ikiisha, haina habari ya lolote. Nasi tulioko Unguja tunalikumbuka giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Mara nyingi atakayepanda ni jirani Mwislamu, na sahani ya futari mkononi. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Bwana wetu naye, alipotafuta mtu wa kutufundisha ujirani, hakumchukua katika wale waliohudumu hekaluni.

Jambo jingine, kwa watoto. Kabla ya kumvalisha mama saa, aombwe ridhaa, aelezwe nani atakayezisoma habari za moyo wake. Amri ya Nne haikutufanya askari wa zamu juu ya wazazi.

Nanyi makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogondogo: tangu Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar imekuwa ikiwalipa Pensheni Jamii wazee waliotimiza miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ili kuwalipa, ilibidi kwanza iwaandike mmoja mmoja. Je, jumuiya zetu zinayo orodha ya wazee wao? Iandikwe wiki hii: jina, mtaa, ghorofa ya ngapi, dawa anazotumia, na nani anao ufunguo wa pili wa mlango wake.